Astigmatizimu: namna ya kuijua, kupimwa, kusoma karatasi yako na kuikagua miwani kabla hujaondoka nayo

Kama uko juu ya boda usiku unatoka stendi ya Kange kuja mjini, taa za gari linalokuja mbele unaziona zimetoa mistari mirefu huku na huku, alafu ukimuuliza dereva anakwambia yeye anaona taa mbili tu za kawaida, basi kuna uwezekano mkubwa una astigmatizimu na maelezo haya yanakuhusu. Mimi kazi yangu ni kukata na kufunga lenzi za miwani hapa Tanga, sio daktari, nalisema mapema ili usije ukaniletea jicho jekundu dukani, ila karatasi za vipimo zinapita mikononi mwangu kila siku na ninachokiona ni kwamba watu wanapimwa vizuri tu, wanapewa karatasi, alafu hawajui imeandikwa nini wala hawajui kama miwani waliyokabidhiwa ndiyo ile iliyoandikwa. Kwa mwenye namba ya kawaida hilo halina madhara sana. Kwa mwenye astigmatizimu hapo ndipo pesa inapopotea, maana lenzi yake ina upande wake wa kukaa, ikigeuka kidogo tu kazi yote imeharibika.

Tuanze na jicho lenyewe, kwa haraka. Mbele kabisa ya jicho kuna kitu kiangavu kinaitwa konea, ndicho kinachofanya kama theluthi mbili ya kazi ya kukunja mwanga, lenzi iliyoko ndani inamalizia iliyobaki. Konea nzuri imeviringika sawasawa pande zote. Yenye astigmatizimu ni kama chungwa la Muheza lililosafiri chini ya gunia, limebonyea kidogo, kwa hiyo upande mmoja mviringo umekaza na upande mwingine umelegea. Mwanga unaopita kwenye mkazo unakutana mapema, unaopita kwenye ulegevu unakutana nyuma zaidi, sasa hakuna mahali ndani ya jicho ambapo picha inatulia ikawa safi. Ndo maana mwenye tatizo hili mara nyingi anaona ukungu mbali na karibu pia, herufi zina kivuli, 8 na 3 zinafanana, H na N zinafanana, na akisoma muda mrefu kichwa kinamgonga kwenye paji la uso. Wengine wanakunja macho bila kujijua, wengine wanainamisha kichwa upande.

Wengi wamezaliwa nayo. Haijaletwa na simu, haijaletwa na kusoma kwa koroboi wala kukaa karibu na TV, kwa hiyo mzazi acha kumgombeza mtoto kwa kosa asilolifanya. Na kiasi kidogo karibu kila mtu anacho, ukikuta umeandikiwa silinda (ndiyo namba inayopima astigmatizimu) ya 0.25 au 0.50 na huna shida yoyote ya kuona, hiyo wala isikunyime usingizi.

Ila kuna zinazokuja ukubwani, na mbili kati ya hizo tunaziona sana huku pwani. Ya kwanza ni nyama ya jicho, kile kinyama kinachoota kwenye weupe upande wa pua kikawa kinatambaa kuelekea kwenye cheusi. Jua, upepo, vumbi, chumvi ya bahari, ndo mazingira yake, kwa hiyo wavuvi wa Sahare na Kigombe na watu wa bodaboda wanakipata sana. Watu wanadhani shida yake ni muonekano tu, kumbe kikishapanda juu ya konea kinaivuta na umbo lake linabadilika, hiyo ni astigmatizimu tayari. Kikiwa kidogo unavaa kofia na miwani ya jua yenye alama ya UV400 na unakifuatilia. Kikikua kinafanyiwa upasuaji, na siku hizi madaktari wanachukua kipande cha utando kutoka kwenye jicho hilohilo wanakiweka pale walipokata ili kisirudi kirahisi. Usinunue miwani ya namba kabla ya upasuaji huo, subiri jicho lipone ndo upime, namba itabadilika.

Ya pili ni kufikicha macho. Mtoto au kijana mwenye mzio wa macho, yanamuwasha, anayasugua asubuhi mpaka jioni kwa ngumi, miaka inakwenda, konea inaweza kulegea na kuchomoza mbele, inaitwa keratokonasi. Dalili yake kubwa kwetu sisi watu wa miwani ni kijana ambaye silinda yake inapanda kila akirudi, leo 1.50, baada ya miezi kadhaa 2.50, kisha 4, na hata ukimpa namba mpya bado haoni vizuri. Huyo sio wa kubadilishiwa miwani kila mara, huyo anahitaji daktari bingwa, na akipewa rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi au ya Dar asiipuuze. Kuna tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, haimrudishii macho ya zamani ila inasimamisha kuharibika, kwa hiyo akiwahi ndo anaokoa zaidi.

Na kabla sijaenda mbele, tafadhali sana: hakuna tone, asali, maziwa ya mama, maji ya majani wala karoti inayonyoosha konea. Asali na maziwa vinaweza kuleta maambukizi. Matone ya kununua tu famasi bila cheti, hasa yenye steroidi, yanatuliza muwasho kweli na mtu anayapenda, lakini ukiyazoea yanapandisha presha ya macho na yanaleta mtoto wa jicho, nimeona vijana wadogo wamefika huko kwa sababu ya matone ya kuondoa wekundu.

Kujipima nyumbani, kwa kujua tu

Hivi havichukui nafasi ya kipimo ila vinakupa picha. Chora duara kwenye karatasi nyeupe, chora mistari inayotoka katikati kwenda kwenye namba zote za saa, unene mmoja, kalamu moja. Ibandike ukutani, simama mita tatu hivi, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibana. Kama mistari mingine unaiona myeusi imekolea na mingine imefifia au imekuwa miwili, una dalili. Badilisha jicho. Watu wengi wanashangaa kukuta jicho moja zima na jingine bovu, miaka yote walikuwa wanatumia moja bila kujua.

Cha pili, chukua kadi ngumu, toboa kwa pini katundu kadogo, weka karibu na jicho uangalie kibao cha basi ambacho kwa kawaida hukisomi, kile cha Lushoto au Korogwe. Ukiona kimekuwa safi, shida yako kwa kiasi kikubwa ni ya miwani. Kikibaki na ukungu vilevile, wahi kwa daktari wa macho, usianzie dukani, maana inaweza ikawa mtoto wa jicho au kitu cha nyuma ya jicho ambacho miwani haigusi.

Siku ya kupimwa

Unaweza kuanzia kitengo cha macho hospitali ya mkoa Bombo, au kwa mtaalamu wa kupima macho mwenye usajili. Beba miwani ya zamani. Kama umelala masaa mawili tu basi ahirisha, jicho lililochoka linadanganya.

Kuna mashine unaweka kidevu unaangalia picha kwa mbali, inatoa kikaratasi chenye namba. Hicho kikaratasi sio cheti cha miwani, ni pa kuanzia tu. Mtu akikupima kwa mashine dakika moja alafu akaanza kukuonyesha fremu, mimi kwa maoni yangu hapo hujapimwa. Kipimo kamili anakuvalisha fremu nzito ya majaribio, anachomeka lenzi moja moja, na kwenye silinda anashika kalenzi kadogo chenye mpini anakigeuza mbele ya jicho lako anauliza, hii ya kwanza au hii ya pili ipi bora? Hapo ndo anatafuta upande. Jibu ukweli. Watu wa kwetu tuna adabu nyingi, tunaona aibu kumwambia mpimaji "zote sawa" tukidhani tutaonekana hatujui, tunabahatisha. Sasa zikiwa sawa ndo jibu analolitafuta, maana yake amefika penyewe. Sema zinafanana, au mwambie rudia mama, rudia kaka, hatakukasirikia.

Watoto wanawekewa matone kwanza ili misuli ya ndani ya jicho ipumzike, bila hivyo namba inatoka ya uongo. Mtoto ataona ukungu karibu na mwanga utamuumiza siku hiyo, pengine mpaka kesho yake, hivyo usimpangie mtihani, mvishe kofia mwende nyumbani.

Karatasi yako inasemaje

Mfano umeandikiwa jicho la kulia −1.00 / −1.75 × 180. Namba ya kwanza, ya chini ya SPH, ni nguvu ya kawaida, alama ya kutoa ni asiyeona mbali, ya kujumlisha ni anayehangaika zaidi na karibu. Namba ya pili, CYL, ni silinda, ndiyo astigmatizimu yako yenyewe, kubwa au ndogo. Ya tatu, AX, ni aksisi, yaani upande ambao hiyo silinda inatakiwa ikae, inahesabiwa kwa digrii kuanzia 1 mpaka 180, ambapo 180 ni ya kulala na 90 ni ya kusimama. Kama hakuna namba kwenye CYL, huna astigmatizimu ya kuandikiwa, mambo yako ni mepesi. Kuna na PD, umbali kati ya mboni na mboni kwa milimita, hakikisha imo.

Silinda sio kitu cha juzi. Mwaka 1801 daktari wa Uingereza Thomas Young alieleza kasoro hii baada ya kuikuta kwenye jicho lake mwenyewe, na mwaka 1825 mtaalamu wa nyota George Airy akabuni lenzi yenye silinda kwa ajili ya jicho lake la kushoto. Mpaka leo tunachofanya mezani ni kilekile, tofauti ni mashine.

Kitu kinachowatia watu wasiwasi ni kupimwa sehemu mbili na kupata karatasi mbili zisizofanana. Hapa umeandikiwa −1.00 / −1.75 × 180, kule umeandikiwa −2.75 / +1.75 × 90, unasema mmoja tapeli. Hapana, hizo ni namba moja imeandikwa kwa mitindo miwili. Jumlisha SPH na CYL upate SPH mpya, geuza alama ya CYL, zungusha aksisi digrii 90. Fanya mwenyewe uone. Wengine wanaandika silinda kwa kutoa, wengine kwa kujumlisha, lenzi inatoka ileile.

Aksisi ndiyo ninayotaka uikariri. Ikikosewa digrii 10 unapoteza kama theluthi ya faida ya silinda. Ikikosewa 30, faida yote imekwenda, ni sawa na hukuwekewa silinda, na juu yake unapata kizunguzungu. Ndiyo sababu zile miwani zinazouzwa mezani sokoni za +1.50 na +2.00 hazimtoshi mwenye astigmatizimu, hazina silinda kabisa, namba moja pande zote. Na ukiambiwa dukani "silinda yako hatuna, tutakupa namba inayokaribia", wanachofanya ni kuchukua nusu ya silinda na kuijumlisha kwenye SPH. Kwa silinda ndogo mtu anavumilia. Kwa 1.75 utaona afadhali lakini herufi zitabaki na kivuli, subiri iagizwe.

Kukagua miwani kabla hujaondoka

Hili nalitaka ulifanye mbele ya muuzaji, wala usione haya. Shika miwani kwa mkono ulionyooka mbele yako, funga jicho moja, angalia fremu ya mlango kupitia lenzi moja, ule ukingo uliosimama. Sasa zungusha miwani polepole, kulia kidogo kushoto kidogo. Lenzi isiyo na silinda, mstari wa mlango unabaki umesimama vilevile hata uzungushe vipi. Lenzi yenye silinda, kipande cha mstari kilicho ndani ya lenzi kinalala, kinajitenga na kipande cha juu na cha chini kana kwamba mlango umekatika. Kama karatasi yako ina silinda ya 1.75 na mstari hausogei hata kidogo, umepewa lenzi ya kawaida, irudishe hapohapo. Kipimo hiki hakikwambii aksisi kamili, hiyo mwambie akuonyeshe kwenye lensomita, kile kimashine cha kusomea lenzi, kila duka la maana linacho, na asome namba zote tatu wewe ukiwa na karatasi mkononi.

Alikuja kijana mmoja wa boda kijiwe cha Majani Mapana, ana miwani ya duara, zile za fasheni. Anasema kaka ilikuwa poa kabisa, ghafla wiki hii macho yamekufa, nataka nikapime upya. Nikaishika lenzi ya kushoto kwa kidole gumba nikaisukuma, ikazunguka ndani ya fremu. Skrubu ililegea kwa mitetemo ya barabara, na kwa kuwa fremu ni duara hakuna kona ya kuizuia lenzi, aksisi imehama bila yeye kujua. Nikairudisha kwenye lensomita kwa kufuata karatasi yake, nikakaza. Akavaa akatoka mlangoni, akasimama, akasema "kumbe pale ng'ambo wameandika chapati mia tatu, na mimi huwa nalipa mia tano." Sasa hilo alikwenda kumalizana nao mwenyewe. Ila wewe kama silinda yako ni kubwa, kwanzia 1.50 kwenda juu, mimi nakushauri uachane na fremu za duara, chukua yenye kona. Na usilalie miwani, usiisukume juu ya kichwa, mkono mmoja ukipinda fremu inakaa upande na aksisi nayo imeinama.

Kuhusu zile nyongeza, mipako ya kupunguza mng'ao inasaidia kweli kwa anayeendesha usiku. Lenzi za kuzuia mwanga wa bluu wala sikusukumi, haziponyi astigmatizimu na pesa hiyo iongeze kwenye fremu imara.

Siku za kwanza, sakafu itainuka. Usiogope. Meza ya mstatili itaonekana upande mmoja mpana, ngazi zitakudanganya hatua, hasa kama unavaa silinda mara ya kwanza ukiwa mtu mzima. Ubongo wako umezoea picha iliyopinda, unajifunza upya. Anza kuvaa asubuhi ukiwa nyumbani, vaa mfululizo, usivae nusu saa ukavua, na baiskeli au pikipiki iache siku ya kwanza. Wengi ndani ya wiki moja mpaka mbili wanasahau kama wamevaa. Zikipita wiki mbili bado kichwa kinauma, rudi na karatasi yako isomwe upya, kosa linaweza kuwa la mpimaji au la sisi tuliokata.

Lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe (contact lens) zipo za silinda pia, zimetengenezwa chini nzito ili zisizunguke. Nzuri, ila zinataka usafi na pesa ya kila mara. Hazioshwi kwa maji ya bomba, hulali nazo, na huogelei nazo Raskazone, kuna vijidudu vya majini vinavyokula konea na matibabu yake ni marefu. Kwa wenye keratokonasi kuna za aina ngumu na hizo mara nyingi ndizo zinazowarudishia kuona kuliko miwani yoyote.

Leza nayo watu wanaiulizia sana. Inachonga konea ili mviringo ulingane. Inamfaa aliyepita miaka 18, namba imetulia angalau mwaka mzima, na konea nene ya kutosha, mwenye keratokonasi hafai. Macho makavu na mng'ao wa usiku vinaweza kukaa miezi, na ukifika miaka arobaini na kitu miwani ya kusomea utavaa tu. Mzee mwenye mtoto wa jicho na silinda kubwa anaweza kuwekewa lenzi ya ndani yenye silinda wakati wa upasuaji, bei yake iko juu, muulize daktari kabla ya siku yenyewe sio baada.

Watoto ndo wa kuwahi. Mtoto halalamiki, anadhani dunia iko hivyo. Utamwona anasogea ubaoni, anainamisha kichwa, ananakili vibaya, mwalimu anasema mvivu. Jicho likiletewa ukungu miaka yote ya mwanzo ubongo unaliacha, linakuwa jicho vivu, na lisiporekebishwa mapema, kabla ya miaka saba au nane hivi, baadaye miwani peke yake hailiamshi vizuri. Mpime kabla hajaanza darasa la kwanza, alafu kila mwaka. Akivunja miwani usimfiche ndani, wala usiitupe. Ilete hata kama mikono yote imekatika, lenzi tutaisoma na kuifunga kwenye fremu nyingine, ila usiichomoe lenzi kwenye fremu yake kabla hujafika, maana ikishatoka silinda tutaipata kwenye mashine lakini aksisi ilikaa wapi, hasa kwa lenzi ya duara, ni vigumu kujua bila karatasi.